Kanisa Kuu la Pella: Jengo la Jangwani na Mikono Iliyolijenga

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Afrika Kusini, kilomita chache kusini ya Mto Orange ambao ni mpaka baina ya nchi hiyo na Namibia, umo mji mdogo uitwao Pella. Nchi iliyouzunguka mji huo ni jangwa: uwanda wa mchanga na changarawe, na upande wa mto milima ya mawe matupu. Mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 100, na mara nyingi haifiki hata hapo. Katika miezi ya Desemba na Januari joto hupanda juu ya digrii 40. Mgeni atokaye Pofadder kwa barabara kuu iendayo Springbok huiacha barabara hiyo, akashika njia ya kaskazini, na kwa muda mrefu haoni ila vichaka vya chini na nyua za waya. Kisha huona mitende, na penye mitende huona kanisa ambalo hakutarajia kulikuta mahali kama hapo.

Kanisa hilo ni Kanisa Kuu la Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, lililokamilika mwaka 1895. Habari yake husimuliwa kwa maneno machache, na wasafiri wengi huondoka nayo kama walivyoipokea: kwamba mapadri wawili wamisionari, Jean-Marie Simon na Leo Wolf, ambao hawakuwa waashi wala wachora ramani, walilijenga kwa muda wa miaka saba wakifuata maelezo ya kitabu. Habari hiyo ni ya kweli, na inastahili kusimuliwa. Lakini ni sehemu tu ya kweli. Huwataja wawili na kitabu kimoja, nayo huwanyamazia watu waliokuwapo kabla ya mapadri kufika, ambao jangwa hilo lilikuwa kwao tayari kimbilio. Makala haya yanaeleza historia ya mji huo tangu mwanzo wa karne ya 19, ili kuonyesha kwamba jengo la Pella ni hati ya watu wengi kuliko wale ambao majina yao yameandikwa.

Jina la Pella

Jina la mji lenyewe ni ushahidi wa kwanza. Pella wa kwanza kujulikana sana katika historia ulikuwa mji mkuu wa Makedonia ya kale, alikozaliwa Iskandar Mkuu. Pella wa pili ulikuwa mji wa bonde la Yordani, upande wa mashariki ya mto. Mji huo wa pili ulikuwapo muda mrefu kabla ya Wayunani kufika huko; maandishi ya kale ya Misri yanautaja kwa jina la Pihilum, na Wayunani walilivuta jina hilo la Kisemiti mpaka likalingana na jina la mji waliokwisha kuujua kwao. Waarabu walipoitwaa nchi ya Sham katika karne ya 7 waliuita Fahl, nalo ni jina lile la kale lililorudi katika ndimi za Kisemiti. Mahali hapo huitwa Tabaqat Fahl mpaka leo.

Eusebius, mwandishi wa historia ya Kanisa aliyeishi karne ya 4, anasimulia kwamba Wakristo wa Yerusalemu waliuhama mji wao kabla haujaangushwa na Warumi mwaka 70, wakakimbilia Pella ng'ambo ya Yordani. Wataalamu wa siku hizi wanabishana juu ya habari hiyo, wengine wakiikubali na wengine wakiitilia shaka. Hata hivyo katika vichwa vya wamisionari wa karne ya 19, waliolelewa kwa kusoma historia hiyo, Pella lilikuwa na maana moja tu, yaani mahali pa kukimbilia waumini waliofukuzwa kwao. Ndiyo sababu wamisionari wa Chama cha Misheni cha London walilichagua jina hilo mwaka 1814 na kulipa kituo chao kipya cha kusini ya Mto Orange. Hawakuutaja kwa jina hilo uzuri wa mahali, maana mahali hapakuwa na uzuri wa kusifiwa. Waliitaja hali ya watu walioletwa pale na mashaka.

Yafaa kuongeza kwamba mto wenyewe nao una majina mawili yenye asili mbili. Wenyeji waliuita !Garib, neno la Kikhoekhoe lenye maana ya mto, na kutokana na neno hilo limepatikana jina la Gariep. Jina la Orange lilitolewa mwaka 1779 na Robert Jacob Gordon, afisa wa Kampuni ya Kiholanzi, kwa heshima ya ukoo wa watawala wa Uholanzi. Basi mwenyeji aliuita mto "mto", na mgeni akauita kwa jina la mtawala aliyekuwa mbali sana nao. Tofauti hiyo ya majina itaonekana tena katika habari ya kanisa.

Waliokimbia kutoka Warmbad

Watu waliokimbilia Pella walikuwa Wanama, ambao ni tawi moja la Wakhoekhoe. Walikuwa wafugaji wa kondoo, mbuzi na ng'ombe. Makao yao yalikuwa nyumba za duara: fito huchomekwa ardhini na kupindwa mpaka zikutane juu, kisha hufunikwa kwa mikeka ya mafunjo. Nyumba hizo si dalili ya ufukara wa akili kama wageni wengi walivyodhani. Wakati wa joto upepo hupenya katika matundu ya mkeka. Mvua ikinyesha, mafunjo hulowa yakavimba, matundu yakazibika. Malisho yakiisha, mikeka hukunjwa, fito hung'olewa, na nyumba nzima hupakiwa juu ya ng'ombe na kuhamishwa. Katika nchi ambayo mvua hunyesha leo hapa na mwakani kule, nyumba isiyoweza kuhama ni mtego kwa mwenye nyumba. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwani ndilo linalopima uzito wa kazi ya kujenga kanisa la mawe na matofali katika nchi hiyo hiyo.

Kaskazini ya mto, mahali paitwapo Warmbad katika Namibia ya leo, ndugu wawili Abraham na Christian Albrecht walianza kazi ya misheni kati ya Wanama mnamo mwaka 1806. Abraham alifariki mwaka 1810. Mwaka uliofuata kituo kile kiliteketezwa na Jager Afrikaner. Mtu huyo asidhaniwe kuwa Kaburu kwa sababu ya jina lake. Alikuwa mkuu wa ukoo wa Waoorlam, watu wa asili ya Kikhoekhoe waliotoka makoloni ya kusini wakiwa na farasi, bunduki na lugha ya Kiholanzi, na ambao waliogopwa kotekote kandokando ya mto. Baada ya shambulio hilo wamisionari na wafuasi wao walivuka mto kuelekea kusini, na kutokana na kuvuka huko kukazaliwa Pella.

Historia ya mipaka ina kejeli zake. Mwaka 1815, yaani mwaka mmoja tu baada ya Pella kupewa jina, Jager Afrikaner mwenyewe alibatizwa, na mwaka 1819 alifuatana na mmisionari Robert Moffat mpaka Cape Town, mji ambao serikali yake ilikuwa imemtafuta kama mhalifu. Aliyewafanya wengine kuwa wakimbizi akaingia katika dini ya wale aliowakimbiza. Hapana budi kusema, basi, kwamba tangu mwanzo Pella haukuwa mji wa watu wema waliozungukwa na watu wabaya. Ulikuwa mji wa watu waliosukumwa na nguvu zilezile zilizowasukuma maadui zao, nazo ni kupungua kwa ardhi, kuenea kwa bunduki, na ukame.

Kitabu cha kwanza na mkono uliofichwa

Miongoni mwa wamisionari waliofanya kazi Pella katika miaka yake ya kwanza alikuwa Johann Heinrich Schmelen, Mjerumani aliyetumwa na Chama cha Misheni cha London. Mwaka 1814 aliondoka Pella pamoja na kundi la watu akaenda kaskazini, akaanzisha kituo cha Bethanie katika Namibia ya leo. Mwaka huohuo alimwoa Zara, mwanamke wa Kinama. Miaka kadhaa baadaye Injili nne zilitafsiriwa kwa Kinama, zikapigwa chapa Cape Town mwaka 1831.

Kwa muda mrefu tafsiri hiyo ilijulikana kuwa ni ya Schmelen. Lakini mtu anayeifahamu lugha hiyo atauliza mara moja iliwezekanaje. Kinama kina vidoko, yaani sauti zitolewazo kwa kuutenga ulimi na meno au kaakaa kwa ghafula, za namna ambayo katika Tanzania husikika katika Kisandawe na Kihadza. Vidoko hivyo si mapambo ya matamshi. Ni konsonanti kamili, na kukosea kimoja ni kusema neno jingine. Pamoja na hayo, lugha hiyo hutofautisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Utafiti wa Ursula Trüper, uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 2006, umeonyesha kwamba Zara alikuwa mshiriki wa kweli katika kazi hiyo, wala si msaidizi wa kuulizwa neno mojamoja. Alifariki mwaka 1831, katika safari ya kurudi kutoka Cape Town ambako Injili zilikuwa zikipigwa chapa.

Habari ya Zara imewekwa hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni sehemu ya historia ya jamii ileile ya mto, na mwenzi wake alipitia Pella. Ya pili, inafundisha namna ya kuisoma historia ya kanisa lililojengwa miaka 60 baadaye. Kitabu kilichotokana na vinywa viwili kilibaki na jina moja. Msomaji akishaliona jambo hilo katika kitabu, atakuwa tayari kuliona katika jengo.

Kuondoka na kurudi

Kituo cha Pella hakikudumu. Ukame na uhaba wa watu wa kukitunza vilikifanya kiachwe. Katikati ya karne kilifufuliwa na Chama cha Misheni cha Rhein cha Ujerumani, na mwanzoni mwa miaka ya 1870 ukame mkali uliwafanya Wajerumani nao waondoke. Ndipo Wakatoliki wakafika. Wa kwanza kukichukua kituo hicho walikuwa mapadri wa Shirika la Misheni za Afrika la Lyon, ambao hawakukaa muda mrefu. Mwaka 1882 eneo hilo lilikabidhiwa kwa Waoblati wa Mtakatifu Fransisko wa Sale, shirika changa lililoanzishwa Troyes, Ufaransa, na Padri Louis Brisson katika miaka ya 1870.

Jean-Marie Simon alikuwa mmoja wa Waoblati wa kwanza kufika. Alizaliwa mwaka 1858, na kwa hiyo alipofika Pella alikuwa kijana wa miaka 24. Alichokuta kilikuwa mabaki ya majengo ya watangulizi wake, chemchemi isiyo na maji mengi, na watu wachache waliobaki. Hesabu ya mambo yaliyopita haikumpa mtu tumaini. Vyama vitatu vya misheni, wa London, wa Rhein na wa Lyon, vilikwisha kupajaribu mahali hapo katika miaka isiyozidi 70, na vyote vitatu vilikuwa vimeondoka.

Lakini neno "kuondoka" ni la wamisionari. Wenyeji hawakuondoka kwa maana ileile. Mvua ilipokatika walihama na mifugo, na maji yalipopatikana walirudi; wengine walikaa. Kila chama cha misheni kilichofika kilikuta watu, na kila kilichotoka kiliacha watu. Katika orodha za vyama, historia ya Pella ni ya vipande vipande. Katika maisha ya wenyeji, ni historia moja isiyokatika. Kanisa lililokuja kujengwa halikusimamishwa penye ardhi tupu, bali penye jamii iliyokuwa imekwisha kulishikilia jina la mahali hapo kwa vizazi viwili au vitatu.

Kitabu cha pili na ujenzi

Mnamo miaka ya mwisho ya 1880 mapadri Simon na Wolf walianza kazi ya kujenga kanisa kubwa. Kitabu walichokitegemea hutajwa kuwa Encyclopédie des Arts et Métiers, yaani kamusi elezo ya Kifaransa ya ufundi na kazi za mikono. Vitabu vya namna hiyo vilikusanya maarifa ya karakana, vikaeleza kwa maneno na kwa michoro kazi ambazo kwa kawaida kijana hujifunza kwa kusimama miaka mingi kando ya fundi.

Ili kupima ugumu wa kazi hiyo, yafaa kuzifuata hatua zake moja baada ya moja. Matofali hutaka udongo wa mfinyanzi ulio safi, maji ya kuukanda, na watu wa kuukanyaga mpaka ulainike. Udongo hutiwa katika kalibu za mbao, hutolewa, hupangwa uanikwe pole pole. Ukikauka upesi mno, kama unavyokauka penye jua la jangwani, tofali hupasuka kabla halijafika motoni. Yakishakauka, matofali hupangwa kwa namna ya tanuri, na moto huwashwa kwa siku nyingi bila kuzimika. Moto huo hutaka kuni, na katika nchi ya Pella kuni ni vichaka vya uwandani na miti iotayo kandokando ya mto.

Chokaa nayo hutaka taabu yake. Mawe ya chokaa huokwa kwa joto la digrii 900 hivi mpaka yatoe hewa iliyo ndani yake yakawa mepesi. Kisha humwagiwa maji, yakachemka yenyewe na kuumuka, yakawa uji mweupe uwezao kumbabua mtu asiyejihadhari. Uji huo huachwa utulie, kisha huchanganywa na mchanga ili kufanya lahamu ya kushikiza matofali. Mchanga wa uwandani wenye udongo na chumvi haufai. Unaofaa ni ule uliooshwa na maji, nao lazima ufuatwe mtoni kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Tena lahamu ya chokaa ikikaushwa haraka na upepo wa moto hupoteza nguvu, kwa hiyo ukuta mpya lazima ulowanishwe mara kwa mara. Kwa ufupi, kila hatua ya ujenzi wa namna hiyo hudai vitu viwili, maji na moto. Jangwa la Pella lilikuwa na uhaba wa maji na uhaba wa kuni.

Baada ya hayo huja uashi wenyewe. Ukuta mrefu huhitaji timazi na pimamaji. Dirisha lenye tao huhitaji kiunzi cha mbao cha kulibeba tao mpaka jiwe la katikati litiwe. Dari na paa huhitaji maboriti, nayo hayapatikani katika nchi isiyo na msitu. Kosa la msingi huonekana ukuta ukishapanda, wakati ambapo kulisahihisha ni kubomoa. Kitabu kinaweza kueleza tao hujengwaje, lakini hakiwezi kumwambia mwashi kwamba lahamu aliyoishika mkononi ni nyepesi mno. Hayo hujulikana kwa kidole, na kidole hufundishwa kwa kukosea.

Hapo ndipo masimulizi ya mapadri wawili na kitabu kimoja yanapofika mwisho wa uwezo wake. Mapadri wawili waliokuwa pia na ibada za kuongoza, wagonjwa wa kuzuru na safari za siku nyingi kwenye vituo vya mbali, hawakuweza peke yao kukanyaga udongo, kukata kuni, kulisha tanuri usiku kucha, kuendesha ng'ombe mpaka mtoni na kurudi, na kupandisha matofali juu ya dungu kwa muda wa miaka saba. Kazi hiyo ilifanywa na jamii. Watu waliozaliwa katika nyumba za mikeka, waliojua kwamba hekima ya nchi yao ni kuweza kuhama, walishiriki kujenga nyumba ya kwanza isiyohamishika ambayo jangwa halikuivunja. Ujuzi wao nao ulihitajika: aliyejua ng'ombe atastahimili safari ngapi bila maji, aliyejua miti gani ya mtoni huungua pole pole, aliyejua upepo utageuka lini, hakusoma hayo katika kitabu cha Kifaransa.

Kusema hivyo si kuwapunguzia Simon na Wolf sifa yao. Kuanza kazi ya miaka saba bila fundi, katika mahali palipowashinda wengine, kulitaka ushupavu usio wa kawaida, na wao walikuwa wa kwanza kuchafuka mikono. Lakini sifa ya kweli haipungui ikigawanywa.

Kutoka kanisa hadi Kanisa Kuu

Jambo moja husahauliwa mara nyingi, nalo ni kwamba jengo lilipokamilika mwaka 1895 halikuwa bado Kanisa Kuu. Kanisa haliwi Kanisa Kuu kwa ukubwa wala kwa uzuri, ila kwa kuwa ndani yake kimo kiti cha askofu, na Pella haukuwa na askofu. Eneo hilo lilikuwa Prefektura ya Kitume ya Mto Orange tangu mwaka 1885. Mwaka 1898 lilipandishwa kuwa Vikarieti ya Kitume, na Simon akafanywa askofu wake. Kwa hiyo wajenzi hawakujenga jengo la kulingana na cheo. Cheo ndicho kilichokuja kukaa katika jengo lililokwisha kuwapo. Eneo la askofu huyo lilikuwa kubwa ajabu na lenye watu wachache, likienea pande zote mbili za mto.

Upande wa kaskazini ulikuwa umetawaliwa na Wajerumani, na kati ya 1903 na 1908 vita vilikuwa huko baina ya Wajerumani na Wanama na Waherero. Watu wengi wa Nama walivuka mto kuja kusini, kama wazee wao walivyovuka karibu miaka 100 iliyotangulia. Padri Johannes Malinowski, Mwoblati wa kituo cha Heirachabis upande wa kaskazini, alikuwa mpatanishi katika mazungumzo yaliyoleta mapatano baina ya Wajerumani na Wabondelswart mnamo Desemba 1906. Jina la Pella, ambalo wamisionari wa 1814 walilitoa katika kitabu cha historia ya kale, lilithibitishwa tena na mambo yaliyotokea.

Askofu Simon alifariki mwaka 1932, akiwa ametimiza miaka 50 tangu kufika kwake. Mwaka 1951 vikarieti hiyo ikawa Dayosisi ya Keimoes, ambayo baadaye iliitwa Keimoes-Upington. Uongozi wa jimbo ulihamia penye miji mikubwa zaidi ya bondeni, na Pella ukabaki mji mdogo wenye kanisa kubwa. Mitende iliyopandwa na wamisionari iliendelea kuzaa, maana mtende ni mti upendao hewa kavu na jua kali maadamu mizizi yake yapata maji.

Lugha ya waumini

Kumbukumbu za Askofu Simon, zinazohusu miaka ya 1882 hadi 1909, zilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1959 kwa jina lenye maana ya "Askofu wa Wahottentot". Neno hilo la mwisho lina historia yake. Ni jina walilopewa Wakhoekhoe na Waholanzi, na inadhaniwa lilianza kama mwigo wa jinsi masikio ya wageni yalivyosikia usemi wao. Siku hizi neno hilo huhesabiwa kuwa tusi na limeachwa katika maandishi ya kitaalamu. Wenyewe hujiita Khoekhoe, jina ambalo hueleweka kuwa na maana ya "watu wa watu", yaani watu hasa. Hapa pana jambo lilelile la !Garib na Orange: mgeni hutoa jina kwa kile alichokisikia kutoka nje, na mwenyeji hutoa jina kwa kile anachokijua kutoka ndani.

Kwa bahati mbaya jina la wenyewe limerudi wakati ambapo lugha yenyewe imepungua sana upande wa kusini ya mto. Waoorlam walikuwa wamekwisha kuleta Kiholanzi. Kazi katika mashamba ya walowezi, biashara na shule viliongeza nguvu ya lugha hiyo, mpaka Kiafrikaans kikawa lugha ya nyumbani ya watu wa Pella. Upande wa Namibia lugha hiyo, kwa jina la Khoekhoegowab, bado husemwa na watu wengi na hufundishwa shuleni. Upande wa Afrika Kusini imebaki katika vinywa vya wachache. Mto ambao zamani ulivukwa na watu wa lugha moja umekuwa karibu mpaka wa lugha.

Basi Pella una urithi wa namna mbili. Jengo limedumu, na lugha ya wengi walioshika udongo wake imekaribia kutoweka mahali hapo. Tafsiri ya 1831 na kanisa la 1895 vyote viwili vilitoka katika kazi ya pamoja ya wenyeji na wageni. Kimoja kilifanywa kwa maneno na kingine kwa matofali, na katika vyote viwili majina yaliyohifadhiwa ni ya upande mmoja.

Jengo kama hati

Wanahistoria wamezoea kutafuta ushahidi katika karatasi. Kwa mji kama Pella karatasi nyingi ziliandikwa na wamisionari, zikapelekwa kwa wakubwa wao wa Ulaya, na zikasema yale ambayo wakubwa walitaka kujua. Hazikuandikwa kwa nia ya kudanganya, lakini ziliandikwa kwa macho yaliyokuwa yakitazama Troyes, London au Rhein. Mtafiti akiridhika nazo atapata historia ya vyama vilivyokuja na kwenda, wala hatapata historia ya watu waliokaa.

Jengo husema kwa namna nyingine. Kila tofali la Pella lilipita katika mikono ya mkanyaga udongo, ya mtia kalibu, ya mchoma tanuri, ya mchukuzi na ya mwashi. Hakuna daftari liwezalo kukanusha jambo hilo, kwa kuwa uzito wa ukuta ni ushahidi wa idadi ya mikono iliyoupandisha. Anayelizuru kanisa hilo akisikia habari ya mapadri wawili na kitabu chao, na aipokee kwa heshima. Kisha azitazame kuta, na akumbuke kwamba kabla ya kitabu cha Kifaransa kulikuwa na jina la kimbilio, na kabla ya jina hilo kulikuwa na watu waliouita mto wao mto. Hao ndio ambao Pella ulijengwa kwa ajili yao, nao ndio sehemu kubwa ya waliojenga.